Viberiti vya Dada Wakio

Jumanne, 7 Juni 1983

Kabeji magunia mawili, karoti gunia moja, liki kidogo. Dada Wakio ameshuka nazo na pikap ya mboga kutoka Werugha, bado zina umande. Nimepanga meza sokoni saa mbili. Jua la Voi limenyausha liki kabla ya saa sita.

Leo tumeanza mwiko wa nyama. Siku tatu bila nyama, bila maini, bila aspirini. Halafu asubuhi tatu za kuweka choo kwenye kiberiti kitupu. Kiberiti kimoja kila asubuhi, jina juu, tarehe juu. Daktari alituagiza Jumamosi, mimi na Wakio, kwa sababu ya marehemu kaka yetu Mwadime. Kansa ya utumbo. Tulimzika mwezi wa tatu akiwa amebaki mifupa. Daktari ni mwanamke Mzungu, anasema polepole na Sista anatafsiri. Kasema ndugu wa tumbo moja waliopita miaka arobaini wapimwe, hata kama hawaumwi popote. Iko dawa mpya maabara inayoona damu ambayo jicho halioni.

Wakio akamjibu, "Daktari, mimi sina ugonjwa, nina njaa tu. Na sasa unaninyima nyama." Sista alicheka akasahau kutafsiri.

Mimi sikucheka. Mimi damu nimeiona kwa jicho. Mara ya kwanza kabla ya Pasaka, halafu mara mbili tena. Sikumwambia daktari. Sijamwambia Baba Saru. Naandika hapa kwa sababu daftari halishtuki.

Na liko la pili. Anayepokea viberiti kwenye dirisha la maabara ni Mutua, mume wa binti yangu Saru. Mkwe.

Alhamisi, 9 Juni

Baba Saru kaleta maini, kapewa na mwenzake wa reli. Nimemkaangia, mimi nikala mchicha. Kauliza kama nimefunga. Nikasema nimefunga. Si uongo mkubwa, lakini ni uongo.

Sokoni nimeuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Muuza nyanya wa meza ya pili anasema kansa ikiguswa na kisu hewa inaingia, inatawanyika mwili mzima. Mwenzake anasema ni ugonjwa wa watu wanaokula vya mikebe. Yule mzee wa tumbaku kasema kupimwa ndiko kunakoiamsha. "Imelala, wewe waenda kuipigia hodi!"

Nikageukia kabeji zangu. Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi mwenyewe Mwadime alipotakiwa kupasuliwa mwaka jana. Tukakaa naye nyumbani miezi mitano.

Jumapili, 12 Juni

Vyangu vitatu viko tayari. Nimevifunga kwa gazeti, nikaweka ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nikasukuma chini ya kitanda. Kisha nikavaa gauni la kanisani. Mungu anisamehe nilivyocheka peke yangu.

Jina langu nimeliandika vizuri, Mghoi. Kila nikilisoma namwona Mutua anafungua. Miaka sita tangu amwoe Saru na sijala mbele yake. Kwao Ukambani ukimwona mama mkwe njiani unampisha, unaingia porini. Sisi Wadawida hatuko mbali na hapo. Akija kwetu anakaa barazani, mimi niko ndani, tunasalimiana kupitia pazia. Mkono hatujapeana. Sasa nimpe choo.

Niliomba kanisani nipate ujasiri. Sijaupata.

Jumatatu, 13 Juni

Nimefanya jambo baya. Naliandika lilivyo.

Wakio alishuka leo badala ya kesho, kwa ajili ya viberiti vyake. Mwanawe kamwandikia jina kwa kalamu nyekundu. "Shika mzigo wa malkia," kanipa, "usiutikise." Hakutaka kusubiri, ng'ombe wake anakamuliwa saa tisa na hataki mkono mwingine. Akapanda gari akarudi. Nikaenda hospitali peke yangu na viberiti sita kwenye kikapu.

Benchi lilijaa. Mutua alikuwa anaita majina dirishani, kwa sauti kubwa, ndiyo kazi yake. Mzee mmoja kaitwa, kaulizwa choo kilikuwa kigumu au laini, na watu wote wakasikia. Niliiona mikono yake ikifungua kiberiti. Miguu yangu ikanitoa pale.

Nilienda nyuma, penye tangi la maji. Nikatoa kalamu. Nikalikwaruza jina langu kwenye viberiti vyangu vitatu, nikaandika Wakio. Majina mawili sawa hayapokelewi. Basi vyake nikavitupa kwenye shimo la choo cha wagonjwa.

Nilijiambia hivi. Wakio ni mzima. Anakula, anabeba magunia, anacheka. Anayetoka damu ni mimi. Cha kuonekana ni changu. Majibu yakija nitajua la kufanya.

La kufanya lenyewe sikulifikiria.

Sista alikuwa anapita. Nikamkabidhi apitishe mlangoni. "Ni vya dada yangu," nikasema.

Jumanne, 14 Juni

Wakio kauliza, "Ulipeleka?" Nikamwambia nilipeleka.

Jumamosi, 18 Juni

Sista kaniita akanipa barua ya Wakio nimfikishie. Haikufungwa. Nimeisomea nyuma ya tangi lile lile.

Damu imeonekana katika viberiti viwili kati ya vitatu. Hii si kusema ni kansa. Inaweza kuwa bawasiri, au amiba, au minyoo. Lakini ni lazima uonekane. Njoo Jumatano.

Nimesoma mara nne. Kila mara jicho linakwenda kwenye neno kansa, hayo mengine linayaruka kama madimbwi ya njiani.

"Na wewe Mama Saru?" Sista kauliza. "Vyako havijafika." Nikasema tumbo limefunga. Kaniambia nile papai.

Naogopa. Naogopa kwa ajili yangu, halafu naona haya kwamba ndicho nilichoogopa kwanza.

Jumapili, 19 Juni

Sikukaribia meza ya Bwana. Nimesema kichwa kinauma. Mchungaji akanishika kichwa, akakiombea.

Jumanne, 21 Juni

Nimempa. Wakio hasomi, kwa hiyo nimemsomea mimi, kati ya magunia. Ningeweza kusema hapo hapo, dada, hii ni yangu. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikasoma barua kama ilivyo mpaka mwisho.

Alikuwa ameshika kabeji. Akaiweka chini taratibu, kama yai.

"Mimi?" akasema.

Siku nzima hakumtania mteja hata mmoja. Mzee wa tumbaku akauliza nani amefiwa.

Jumatano, 22 Juni

Nimemsindikiza. Daktari kampima kwa kidole, mimi nimesimama nyuma ya pazia nikisikia dada yangu mkubwa akivuta pumzi. Kidole hakikukuta kitu. Daktari kasema utumbo ni mrefu, kidole ni kifupi. Aende Mombasa, Alhamisi tarehe 30, apigwe eksirei. Atakunywa dawa ya kuharisha siku moja kabla, asile kitu, na huko atatiwa maji meupe mazito kwa nyuma ili picha ionekane.

Wakio kasema, "Lakini mimi sijawahi kuona damu, hata tone."

Sista katafsiri. Daktari kajibu kwamba ndiyo maana ya kipimo, kuona kabla wewe hujaona. Watu wanangoja damu, kisha wanangoja maumivu, na maumivu huja mwisho. Kasema Mwadime angepimwa mapema labda tungekuwa naye. Kasema pia kwamba yenye kutoka damu si yote kansa, na kansa ikiwa changa hukatwa ikaisha. Hewa haiitawanyi.

Kila neno lilikuwa langu. Wakio ndiye aliyekuwa anaitikia kwa kichwa.

Nilipotoka nilimwona Mutua mlangoni mwa maabara. Aliniangalia, si kama kawaida yake. Kisha akatazama chini.

Alhamisi, 23 Juni

Saru kaja na watoto. Haji siku za kazi. Amekaa, amesimama, amefunga dirisha, amelifungua.

"Mama, wewe ulipimwa?"

Nikasema bado.

"Nenda, mama. Nenda kwa daktari mwenyewe, si dirishani. Hata kesho."

Nikamuuliza nani kamtuma. Kasema hakuna. Mtoto huyu tangu udogo hajui kudanganya, anajikuna shingo. Alijikuna shingo.

Jumamosi, 25 Juni

Nimeiona damu tena. Zaidi ya mara zote.

Kutoka Werugha wameleta habari kwamba Wakio anagawa vitu. Kitenge chake kizuri kampa mke wa mwanawe. Kaonyesha pa kuchimbwa, karibu na mama yetu. Kesho kuna maombi nyumbani kwake, na mimi ndiye nimeombwa niongoze.

Bwana, nikifungua kinywa hapo nikuite wewe, utaniitikiaje?

Jumapili, 26 Juni

Werugha. Ukungu mpaka mlangoni. Watu kama ishirini, wengine wamesimama nje kwenye matuta ya mboga. Wakio kavaa nguo nyeupe. Waliniambia, haya, Mama Saru, tuanze. Nikasimama. Nikasema, "Baba yetu," nikakaa chini. Wakadhani ni uchungu. Mama mmoja akaendelea.

Watu walipokwisha kuondoka nilimfuata jikoni. Alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, tangu damu ya kabla ya Pasaka mpaka shimo la choo.

Hakuinua kichwa. Akamaliza kiazi alichoshika. Kisha kwa sauti ndogo:

"Vyangu ulivitupa wapi?"

"Chooni."

"Choo changu ukakitupa chooni."

"Ndiyo, dada."

Akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka hadi machozi, halafu sikujua tena kama ni kicheko. "Siku tano nimekufa, Mghoi! Nimegawa kitenge! Nimempa mke wa mwanangu sufuria ya harusi, na yule hatairudisha, namjua! Nimewaonyesha kaburi!" Akanirushia kiazi. Kilinipata begani. Nilistahili gunia zima.

Halafu akafuta macho. Akanitazama, nikaona linamfikia.

"Basi ile damu ni yako."

Nikainama nikaokota kile kiazi.

"Toka," akasema. "Nenda kamkamue ng'ombe. Sitaki kukuona sasa hivi."

Nikaenda. Ng'ombe ambaye hampi mtu mwingine maziwa. Nikamkamua nikilia kwenye ubavu wake. Niliporudi na maziwa Wakio alikuwa ameshatoa shuka na kikapu.

"Asubuhi tunashuka," akasema. "Na mbele ya daktari utasema wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia hata neno."

Jumatatu, 27 Juni

Nimesema. Wakio alitimiza ahadi, hakunisaidia hata neno. Alikaa ameshika kikapu chake magotini kama mtu aliye kanisani.

Daktari alikunja uso. Akaniuliza damu ni ya rangi gani, tangu lini, nimekonda kiasi gani. Nimejibu yote. Haikuua mtu. Akanipima kwa kidole. Kisha akaagiza Mutua aje na rejista, jina lirekebishwe.

Mutua kaingia akasimama karibu na mlango. Daktari akamweleza. Akasema, "Najua, daktari."

Alijua tangu siku ile ile. Vijibarua vyote anavyopelekewa Saru kutoka kwetu tangu aolewe nimeviandika mimi, mwandiko wangu anaujua. Na kiberiti alipokishika kwenye mwanga aliona Mghoi chini ya Wakio.

Daktari akapiga meza. Ulijua siku kumi na nne ukanyamaza? Kwa nini?

"Ni mama mkwe wangu," Mutua akasema.

Daktari akamtazama Sista, akidhani tafsiri imepungua. Haikupungua. Sista kamweleza kwa Kiingereza muda mrefu, akionyesha mimi, akionyesha mlango. Mutua jasho linamtoka. Ndiye aliyemtuma Saru, kumbe. Hakuwa na njia nyingine ya kunifikia. Sote wawili tulikuwa tunaheshimiana, na heshima hiyo ilikuwa inaniua mimi na kumzika Wakio.

Daktari akaifunga rejista. Halafu kasema tangu leo viberiti vitapokelewa na Sista chumbani kwake, viandikwe namba, si jina, na hakuna kuita watu dirishani kuulizwa habari za choo. Sista kasema angeshauri hivyo tangu zamani kama angeulizwa.

Nafasi ya Mombasa nimepewa mimi. Wakio kapewa viberiti vipya.

"Siku tatu tena bila nyama," kanambia tukitoka. Ndilo neno lake la kwanza kwangu leo. "Kwa ajili yako."

Jioni nimemwambia Baba Saru. Kaenda akaketi barazani, akarudi, akauliza kama ile siku nilipokula mchicha nilikuwa naumwa. Nikamwambia siumwi, natoka damu tu. Kaniambia nisimfiche tena. Nimeahidi.

Alhamisi, 30 Juni

Mombasa. Joto. Dawa ya kuharisha imenimaliza tangu jana. Wakio kanisindikiza, kabeba hata chupa yangu ya maji.

Maji meupe ni baridi na ni mazito kama chokaa. Unalazwa ubavu, unageuzwa, unaambiwa usipumue. Kijana wa eksirei hakuniangalia usoni, nikamshukuru. Si maumivu. Ni aibu tu, na aibu nimegundua inapita upesi kuliko nilivyodhani. Dakika ishirini. Kwa dakika ishirini nilikuwa tayari kumpoteza dada.

Jumatano, 6 Julai

Majibu.

Wakio: hakuna damu katika vyote vitatu. Alitaka kuruka. Daktari kamwambia taratibu kwamba hii ni habari ya mwaka huu, si cheti cha maisha. Arudi mwakani, na akiona mabadiliko yoyote asingoje mwakani. Wakio kamuuliza kama sasa anaweza kula nyama. Anaweza.

Mimi: kuna uvimbe, upande wa chini wa utumbo. Daktari kanionyesha kwenye picha. Palipo peupe pamebonyea, padogo kama ncha ya kidole gumba. Hajui bado ni kitu gani. Huenda ni kansa, huenda ni kile kinachogeuka kansa kikiachwa. Utakatwa na kipande kitapelekwa kuangaliwa. Nimeuliza kama nimechelewa. Kasema hakuna dalili kwamba umetambaa, lakini hawezi kuniapia mpaka wafungue. Nimependa kwamba hakuniapia.

Nalazwa Mombasa Jumatatu.

Wakio kashika mkono wangu mpaka sokoni. Muuza nyanya kauliza tumekwenda wapi. Nikamwambia ukweli, kupimwa choo. Kisha akaniuliza, kwa chini, kwani wanapokea siku gani.

Jumapili, 10 Julai

Leo nimeshiriki meza ya Bwana.

Nimefunga nguo. Gauni mbili, sabuni, Biblia, kandambili. Wakio yuko jikoni kwangu, atakaa na Baba Saru mpaka nirudi. Amekwisha kuhamisha vyombo vyangu vyote.

Mchana Mutua na Saru walikuja. Yeye alikaa barazani kama siku zote. Saru akaingia na karatasi iliyokunjwa. Naibandika hapa.

Mama, shikamoo. Natumai umeamka salama na tumbo limetulia. Sisi hatujambo, watoto wanakusalimu. Nimeona niandike kwa sababu mdomoni haitoki. Watu wa upasuaji wanataka ndugu watoe damu, chupa mbili. Ya Saru nimeipima haikubaliani na yako. Ya baba pia. Mama Wakio wamesema umri umepita. Yangu inakubali, na iko ya rafiki yangu mmoja pia. Najua tulivyo mimi na wewe, na sitaki nikuvunjie heshima tena. Bila ruhusa yako sitatoa. Tafadhali nijibu leo, gari linaondoka asubuhi.

Nimeisoma nikiwa nimeketi kitandani. Nje nilimsikia akikohoa kidogo, akisogeza kiti.

Nilifikiri nitahitaji muda. Sikuhitaji. Nimechukua kalamu, nikaandika nyuma ya karatasi: Toa, mwanangu. Nikaiangalia. Kisha nikaona haina maana kumpa Saru ampelekee hatua sita. Nikainua pazia nikatoka, nikampa mwenyewe. Alisimama, akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akasema ahsante mama. Nikasema ahsante wewe. Akanirudishia karatasi.

Wameondoka. Wakio anauliza kutoka jikoni kama uji autie maziwa au limau. Nimemwambia maziwa.